Kifurushi Hakina Mdomo

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama wetu, karani mstaafu wa posta, katika mkutano wa mwaka wa wahitimu. Tunaichapa nzima kwa ombi la wanachama waliokuwapo, na kwa faida ya wale walio ng'ambo ambao hawakuweza kufika.)



Kamati iliponitaka niseme machache, ilinipa mada ya kupeleka vifurushi nchi za nje. Najua wapo waliotabasamu walipoiona katika ratiba. Walizoea kuhutubiwa na madaktari na mahakimu, na safari hii wanaletewa karani wa posta aje awafundishe kufunga kamba. Lakini hebu tujitazame. Darasa langu peke yake lina watu Muscat, Dubai, London na Toronto. Ni nadra leo kuikuta nyumba isiyo na mtoto, ndugu au mkwe ng'ambo. Tena mkutano uliopita uliazimia kwamba wenzetu walio nje waombwe kuleta vitabu kwa ajili ya maktaba ya shule hii. Wameitikia vizuri, Mungu awabariki. Hata hivyo makasha ya kwanza, kama Katibu alivyotueleza asubuhi, yamelala ghalani na gharama ya ghala inapanda kila siku. Ndiyo maana nimekubali kusimama mbele yenu.

Nina jambo moja tu la kusema, na mengine yote ni mifano yake. Kifurushi hakina mdomo. Kikishatoka mkononi mwako hakiwezi kujieleza kilikotoka, kiendako, wala kilichomo. Karatasi uliyoibandika juu yake ndiyo inayokisemea. Karatasi ikisema kweli, tena kwa ukamilifu, njia hufunguka. Ikinyamaza, au ikidanganya, kifurushi husimama njiani, na wewe uliye mbali huwezi kwenda kukitetea.

NJIA ILIVYOFUNGULIWA

Ndugu zangu, tumezoea kuona barua ikitoka hapa na kufika Japani, tukadhani ndivyo dunia ilivyoumbwa. Sivyo. Zamani kila serikali ilipatana na jirani yake peke yake, na bei ya barua ilitegemea imepita nchi zipi. Tarehe 9 Oktoba 1874, wajumbe wa nchi 22 walitia saini mkataba mjini Bern, Uswisi, kwa juhudi kubwa za Mjerumani aitwaye Heinrich von Stephan. Walikubaliana kwamba kwa mambo ya barua nchi zao zote zihesabiwe kuwa ni nchi moja. Hapo ndipo ulipozaliwa Umoja wa Posta Duniani. Tangu 1948 umekuwa shirika la Umoja wa Mataifa, makao yake yangali Bern, na wanachama wake ni nchi 192. Ndiyo sababu kila tarehe 9 Oktoba huadhimishwa Siku ya Posta Duniani.

Vifurushi vilichelewa kuingia katika mapatano hayo. Mkataba wa kwanza wa vifurushi ulifanywa Paris mwaka 1880, na mwanzoni uliruhusu uzito wa kilo 3 tu. Uingereza yenyewe, iliyokuwa na meli katika kila bahari, haikuwa na huduma ya vifurushi vya posta hata ndani ya nchi yake mpaka tarehe 1 Agosti 1883. Marekani ilingoja mpaka tarehe 1 Januari 1913.

Kwa nini vifurushi vilichelewa hivyo? Kwa sababu barua ni maneno, lakini kifurushi ni mali. Mali ina ushuru. Mali inaweza kuoza, kuwaka moto, kubeba wadudu au kubeba sumu. Serikali inaweza kuiachia barua ya mgeni ipite bila kuifungua, lakini mali ya mgeni haiwezi kuiachia vivyo hivyo. Lazima imwulize: una nini humo? Maadamu mwenyewe hayupo, swali linaulizwa karatasi.

Nilipoingia kazini, katikati ya miaka ya 1970, vifurushi vingi kutoka Ulaya vilikuja kwa meli. Mfereji wa Suez ulifungwa kwa vita mwezi Juni 1967, ukafunguliwa tena Juni 1975, na katika miaka hiyo minane meli zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kifurushi kilikaa baharini majuma mengi, na watu walijifunza subira. Vijana mtaona kuwa hiyo ni historia. Basi jueni kwamba tangu mwishoni mwa 2023, meli ziliposhambuliwa katika Bahari ya Shamu, kampuni nyingi za meli ziliirudia njia ile ile ya kuzunguka Rasi. Kwa hiyo mzigo wa baharini ukichelewa, mtu asikimbilie kusema umeliwa. Aulize kwanza umepitia wapi.

KARATASI HUTANGULIA

Siku zile mteja alikuja na kifurushi kilichofungwa kwa kamba ya katani, au kilichoshonewa kitambaa cha marekani, na mafundo yamepigwa lakiri. Tulibandika kibandiko cha kijani cha forodha, naye akaandika kilichomo na thamani yake. Kibandiko kilisafiri pamoja na mzigo, na afisa wa forodha wa nchi ya pili alikisoma mzigo ulipofika.

Siku hizi karatasi hutangulia. Tangu tarehe 1 Januari 2021, kanuni za Umoja wa Posta Duniani zinataka maelezo ya kila kifurushi chenye bidhaa yapelekwe kwa kompyuta kabla mzigo haujafika. Yale unayoyajaza katika fomu iitwayo CN 22, au ile kubwa zaidi iitwayo CN 23, huingizwa katika mashine, na nchi ya pili huyasoma kifurushi chako kikiwa bado hakijapakuliwa. Yakiwa na kasoro, mzigo unaweza kurudishwa hata kabla haujapanda ndege.

Wengine hulalamika kwamba huo ni usumbufu. Mimi nasema tuangalie chanzo chake. Mwezi Oktoba 2010 vifurushi viwili kutoka Yemen, vilivyokuwa vikienda Marekani, vilikamatwa njiani, kimoja Uingereza na kingine Dubai. Ndani ya mashine za kuchapia mlikuwa na baruti. Tena dawa ya kulevya iitwayo fentanili iliua watu wengi Marekani, na sehemu yake iliingia kwa posta katika vifurushi vidogo, hata Bunge la nchi hiyo likatunga sheria mwaka 2018 ya kudai maelezo yatangulie. Mwenye nyumba akiwa ameumwa na nyoka, msimlaumu akiuliza hodi mara mbili.

MAMBO MATANO YA KUANDIKA

Basi, karatasi iandikwe nini? Nitayataja mambo matano.

Jambo la kwanza ni mpokeaji. Jina lake liandikwe kama lilivyo katika kitambulisho chake, si lile la utani tulilompa bwenini. Iandikwe anwani kamili pamoja na postikodi, na nambari ya simu. Sisi tulikulia katika S.L.P., yaani sanduku moja la shule au la misheni lililotosha kijiji kizima, na mpaka leo wengi wetu hatuoni uzito wa nambari ya nyumba. Lakini huko Ulaya mashine ndiyo inayopanga mizigo, nayo huitazama postikodi kwanza. Namkumbuka bi mmoja aliyemtumia bintiye, aliyekuwa mjamzito wa miezi saba, doti mbili za kanga, liwa, na hiliki. Binti alikuwa amehama nyumba, na anwani iliyoandikwa ilikuwa ya zamani, tena haina postikodi. Kifurushi kilizunguka, kikarudi. Siku mama yake alipokuja kukichukua, mtoto alikuwa ameanza kutambaa. Hakugomba. Alizitoa kanga, akazinusa, akasema, "Zimesafiri kuliko mimi." Akaomba fomu nyingine.

Jambo la pili ni kilichomo. Neno "zawadi" si jina la kitu, wala "vitu binafsi", wala "misaada". Andika: mashati ya pamba ya mtoto, 3, kahawa iliyokaangwa, pakiti 2, gramu 500, kikapu cha ukindu, 1. Kwa kila kitu taja idadi, uzito, thamani na nchi kilikotengenezwa. Tena andika kwa lugha inayosomeka kule kinakokwenda. Kiingereza au Kifaransa hufaa mahali pengi. Afisa wa forodha anayesoma "kahawa iliyokaangwa" anajua la kufanya. Anayesoma "chakula" lazima achukue kisu afungue.

Jambo la tatu ni thamani, na hapa ndipo uongo unapopenda kukaa. Mtu anapeleka saa ya dola 200 anaandika dola 10, akidhani amewahi. Kwanza, afisa anazo njia za kuijua bei ya saa. Pili, mzigo ukipotea utalipwa kwa kadiri ya ulivyosema, na huwezi kudai dola 200 kwa kitu ulichoapa kwamba ni cha dola 10. Tatu, mara nyingi uongo wenyewe hauhitajiki. Zawadi ya kweli, kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, isiyozidi pauni 39, huingia Uingereza bila ushuru wala kodi ya ongezeko la thamani. Katika nchi za Umoja wa Ulaya kiwango chake ni yuro 45. Lakini kitu ulichokiuza hakigeuki kuwa zawadi kwa kuandikiwa neno zawadi.

Jambo la nne ni agizo lako iwapo mpokeaji hatapatikana. Fomu ya kifurushi hukuuliza: kirudishwe, au kihesabiwe kimeachwa? Watu wengi hupaacha mahali hapo wazi. Kumbuka kwamba kukirudisha kuna gharama, na mara nyingi atakayeilipa ni wewe.

Jambo la tano ni stakabadhi. Itunze. Juu yake utaona nambari yenye herufi mbili mwanzoni, tarakimu tisa, na herufi mbili mwishoni. Herufi za mwisho ni za nchi: TZ ni Tanzania, KE ni Kenya, UG ni Uganda. Herufi ya kwanza hutaja aina ya huduma: C ni kifurushi, R ni rejista, E ni huduma ya haraka ya EMS. Na ile tarakimu ya tisa ni mlinzi, kwa maana hupatikana kwa hesabu kutokana na zile nane zilizotangulia, ili karani akikosea tarakimu moja mashine imkatalie. Kwa nambari hiyo utaufuatilia mzigo wako. Ukipotea, toa taarifa mapema, maana kwa kanuni za kimataifa madai hupokelewa kwa muda wa miezi sita tangu siku ya kutuma. Anayekuja na malalamiko baada ya mwaka, bila stakabadhi, huwa amekuja kuzungumza tu.

MIIKO YA NJIANI

Sasa niseme juu ya vitu vinavyokataliwa. Orodha ni ndefu, na kila nchi ina yake. Nitachagua vile tunavyovipenda sisi.

Marashi yenye spiriti huwaka, na rangi ya kucha pia. Havipandi ndege kwa njia ya kawaida ya posta. Hali kadhalika betri za lithiamu zisizofungwa ndani ya chombo, na zile betri za akiba za kuchajia simu. Zikigongana au zikipata joto zinaweza kuwaka, na moto ndani ya ndege hauna pa kukimbilia.

Nyama na maziwa, hata vikiwa vimekaushwa, havikubaliwi kuingia nchi za Umoja wa Ulaya katika vifurushi vya watu binafsi vitokavyo kwetu. Ndugu yangu aliyezoea kumtumia mwanawe nyama kavu na samli, aache. Na matunda je? Tangu tarehe 14 Desemba 2019 nchi hizo hudai cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila tunda bichi. Yaliyosamehewa ni matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Embe halimo. Mama wa Kitanga ataniuliza kuna haki gani hapo, nami nitamjibu kwamba embe hubeba inzi wa matunda, na wakulima wa kule wanaogopa mashamba yao kama sisi tunavyoogopa yetu.

Watu wa pwani mnanitazama mkingoja nimtaje papa. Nitamtaja. Wanangu walio Oman na Uingereza humlilia papa mkavu kuliko wanavyotulilia sisi wazazi. Lakini papa wengi wamepungua baharini, na mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, umezidi kuwabana. Mwaka 2013 waliingizwa papa wenye vichwa vya nyundo, na uamuzi wa Novemba 2022 ukaingiza ukoo mzima wa papa wa kawaida, ukaanza kutumika mwaka uliofuata. Kumpeleka nje kunahitaji kibali cha serikali. Asiye na kibali amle hapa hapa kwa mchuzi wa nazi.

Vinyago vya mpingo navyo vimo katika mkataba huo tangu 2017. Ila mwaka 2019 palitolewa nafuu: vitu vilivyokwisha kutengenezwa, ambavyo mbao yake haizidi kilo 10 katika shehena moja, havihitaji kibali hicho. Kinyago cha Kimakonde cha kuweka mezani kinapita. Andika wazi kwamba ni kinyago, na ni cha mpingo.

Mirungi imepigwa marufuku Uingereza tangu Juni 2014, na hapa Tanzania ni dawa ya kulevya kwa sheria. Dawa za hospitali nazo zina hatari yake. Kidonge ambacho kwenu hupewa mgonjwa wa mgongo, kama tramadoli, katika nchi za Ghuba kinaweza kumtia mtu jela. Dawa isitumwe mpaka mpokeaji ameuliza kwa mamlaka ya huko, na cheti cha daktari kimo ndani.

Hapa naomba wanafunzi wanisikilize zaidi kuliko wote. Siku moja mtasafiri. Usiku wa kuamkia safari atakuja jirani, au rafiki wa jirani, na kifurushi kidogo: "Mpelekee ndugu yangu, atakupokea uwanjani." Kifurushi cha namna hiyo hakina karatasi. Karatasi yake ni wewe. Ukiulizwa kama mkoba ni wako, utajibu ndiyo, na kwa neno hilo moja utakuwa umekitolea ushahidi usichokijua. Wapo vijana wa Afrika Mashariki walio katika magereza ya nchi za mbali kwa sababu ya mizigo ya dawa za kulevya, na si wote waliojua walichobeba. Heshima kwa wakubwa ni jambo jema, lakini kumwambia mkubwa, "Shikamoo mzee, naomba kifunguliwe nikione," si utovu wa adabu. Akikataa, amekwisha kukujibu.

NJIA GANI NITUMIE?

Swali hili nimeulizwa mara nyingi kuliko yote. Posta hufaa kwa mzigo mdogo, nayo huenda karibu kila nchi. Kampuni za mizigo ya haraka huwahi, lakini ni ghali, tena hazipimi uzito peke yake. Hupima pia ukubwa wa kasha: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Kasha la sentimita 40 kwa 40 kwa 50 litahesabiwa kilo 16, hata kama umelijaza pamba. Kwa hiyo chagua kasha linalokitosha kitu chako. Na wale mawakala wanaokusanya mizigo ya watu wengi katika kontena moja hupunguza gharama ya vitu vizito, ila kosa la mmoja huwasimamisha wote. Ukijiunga nao, udai orodha yenye jina lako na vitu vyako.

Njia yoyote utakayochagua, uliza siku ile ile unayotuma. Sheria hubadilika ghafla. Marekani ilikuwa ikiruhusu vifurushi visivyozidi dola 800 kuingia bila ushuru, na kiwango hicho kilikuwapo tangu 2016. Tarehe 29 Agosti 2025 msamaha huo uliondolewa kwa nchi zote. Barua hazikuguswa, na zawadi za kweli zisizozidi dola 100 ziliachwa. Lakini haikuwa wazi nani atakusanya ushuru wala kwa njia gani, na Umoja wa Posta Duniani ulitangaza kwamba mashirika ya posta 88 yalisimamisha huduma zote au baadhi ya huduma za kwenda huko, na kwamba shehena za posta kwenda Marekani zilishuka siku hiyo kwa asilimia 81 kuliko wiki moja kabla. Mkataba wa miaka 150, ndugu zangu, na bado njia ilizibika kwa siku moja. Mapatano ya mataifa hushikiliwa na kuaminiana, na kuaminiana huanzia kwenye ile fomu ndogo.

VITABU VYA SHULE YETU

Sasa nije nyumbani, kwenye makasha yetu yaliyolala ghalani.

Nimekwenda kuziona karatasi zake. Hakuna aliyetuonea wala aliyetuibia. Mwenzetu aliyeyatuma, ambaye simtaji kwa kuwa amejitolea fedha zake, aliandika "misaada mbalimbali ya shule". Mpokeaji ameandikwa jina la shule tu, bila mtu wala simu. Na ndani, mbali na vitabu, amechanganya kompyuta zilizotumika, mipira, na nguo za mitumba, zikiwamo za ndani, ambazo haziruhusiwi kabisa kuingia nchini zikiwa zimevaliwa. Sasa afisa wa forodha afanye nini? Kila kitu kina kanuni yake. Lazima afungue yote na kuhesabu moja moja, na kitu kimoja kilichokatazwa kinavizuia visivyokuwa na kosa.

Kinachouma zaidi ni kwamba vitabu ndiyo mali yenye njia nyepesi kuliko zote. Mkataba wa Florence wa 1950, uliofanywa chini ya UNESCO, unazitaka nchi zilizojiunga zisitoze ushuru wa forodha kwa vitabu. Na katika jedwali la ushuru wa pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, vitabu vilivyochapwa vimewekewa asilimia sifuri. Posta nayo ina mfuko maalumu wa machapisho, uitwao mfuko wa M, ambao anayetaka kumpelekea mtu mmoja vitabu vingi anaweza kuujaza, katika nchi zinazotoa huduma hiyo. Na maandishi ya vipofu hayatozwi ada ya posta, isipokuwa nyongeza ya ndege. Wanafunzi wetu wasioona wangefaidika, kama tungejua kuomba.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano uyakubali mapendekezo yafuatayo.

Kwanza, asitume mtu kitu kabla hajamwandikia mwalimu wa maktaba na kupata orodha ya vinavyotakiwa. Vitabu vya hesabu za shilingi za Kiingereza za kabla ya 1971 tunavyo vya kutosha. Tena tupige hesabu: mara nyingine nauli ya kilo 20 za vitabu vya zamani hununua vitabu vipya vya mtaala wetu katika duka la hapa hapa. Ikiwa hivyo, mwenzetu alete fedha, na mapenzi yake yatakuwa yamefika upesi zaidi.

Pili, vitabu visafiri peke yao. Kila kasha liwe na orodha mbili, moja ndani na moja nje, yenye idadi, uzito na thamani ya kweli, na nakala itumwe kwa Katibu kabla kasha halijaondoka.

Tatu, mpokeaji awe mtu mwenye jina na simu, aliyeteuliwa kwa barua ya shule yenye mhuri, ili aweze kwenda forodhani na kujibu kwa niaba yetu.

Nne, makasha yaliyopo yakombolewe mwezi huu. Wenzetu walio karibu tuchange gharama ya ghala. Vile vilivyokatazwa tuviache viharibiwe kwa sheria, na vitabu vitoke. Mimi mwenyewe nitakwenda na huyo mjumbe. Nimekaa upande wa ndani wa kaunta zaidi ya miaka thelathini. Sioni taabu kukaa upande wa nje asubuhi moja.

Na kwa walimu wetu nina ombi. Katika vipindi vya lugha, watoto wafundishwe kuandika anwani na kujaza fomu ya forodha, kama sisi tulivyofundishwa kuandika barua ya kuomba kazi. Kijana anayeweza kueleza kwa maneno matano ni nini kilichomo ndani ya kasha, bila kuongeza na bila kuficha, amepata elimu itakayomfaa hata asipokanyaga posta maishani mwake.

Ndugu wahitimu, hatuwezi kusafiri pamoja na kila tunachokituma. Twaweza tu kukipa maneno ya kweli, tukakiacha kiende.